Bakaa ya MOHELA: sheria ya Missouri iliyogawa fedha za mikopo ya wanafunzi

Kufikia mwaka 2023, jimbo la Missouri nchini Marekani lilikuwa linadai dola milioni 105 ambazo kwa miaka 15 hazikuwa zimepunguzwa hata senti. Mdaiwa hakuwa mwanafunzi. Alikuwa MOHELA, taasisi ya jimbo hilohilo ambayo kazi yake ni kusimamia na kukusanya mikopo ya wanafunzi. Kwa lugha ya Bodi yetu ya Mikopo kule Dar es Salaam, huyo angeitwa mdaiwa sugu na picha yake ingewekwa gazetini. Ila MOHELA alikuwa sugu kwa ruhusa ya sheria, na ruhusa hiyo aliandikiwa na yuleyule anayemdai.

Wengi walilisikia jina la MOHELA kwa mara ya kwanza pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoufuta mpango wa Rais Biden wa kusamehe mikopo. Wengine, wakiwemo ndugu zetu wauguzi na walimu walioko Marekani, walilijua Julai 2022, MOHELA ilipoanza kupokea mafaili ya wanaosubiri kusamehewa mikopo kwa kufanya kazi katika utumishi wa umma. Kisa chenyewe kilianza mapema zaidi, 2006, na kilianza kwa swali linaloulizwa kila penye mfuko uliofura: hizi fedha zilizobaki ni za nani?

Fedha zilivyobaki

MOHELA iliundwa na bunge la Missouri mwaka 1981. Ofisi zake ziko Chesterfield, pembezoni mwa St. Louis. Bodi yake ina watu saba: watano huteuliwa na gavana, na wawili wengine huingia kwa nafasi zao katika uongozi wa elimu ya juu wa jimbo.

Sisi tuliozoea HESLB ya Tanzania au HELB ya Kenya tunaifikiria bodi ya mikopo kama dirisha la Hazina: bajeti inapitishwa, fedha zinashuka, mwanafunzi anakopeshwa, akipata kazi anakatwa mshahara. Missouri haikuwa hivyo. Benki ndizo zilizokopesha wanafunzi, na serikali kuu ya Marekani ikaweka dhamana kwamba mwanafunzi asipolipa, karibu mkopo wote utafidiwa. MOHELA iliuza hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, ambazo riba yake haikukatwa kodi ya serikali kuu, kwa hiyo wanunuzi waliridhika na riba ndogo. Kwa fedha hizo ilinunua mikopo kutoka kwa benki. Wanafunzi walilipa riba, na soko lilipopanda juu ya riba hiyo, serikali kuu ilijazia pengo kwa ruzuku. Kati ya riba iliyoingia na ile iliyotoka palibaki upenyo, na MOHELA iliishi katika upenyo huo.

Kwa kuwa taasisi haina wanahisa wa kugawana faida, upenyo ule ulijirundika mwaka hadi mwaka. Bunge lilipofumbua macho baada ya robo karne, liliona utajiri wa mamia ya mamilioni ya dola.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana ugomvi wote uliofuata umefichwa mahali hapa. Utajiri ule haukuwa noti zilizolala benki. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo yenyewe, yaani ahadi za watu kulipa kwa miaka kumi, kumi na mitano, ishirini, ukitoa kile ambacho MOHELA ilidaiwa na wenye hatifungani. Mhasibu anaiita bakaa. Mwanasiasa akiisoma namba ileile katika ripoti ya mwaka anaona sanduku lenye fedha na ufunguo umeachwa juu yake. Kuigeuza bakaa ile kuwa fedha taslimu kulikuwa na njia moja ya haraka, nayo ni kuiuza mikopo. Na ukishauza mkopo, umeuza na riba ambayo ungeipata kesho.

Gavana na wasafiri wawili

Matt Blunt wa chama cha Republican aliingia ikulu ya Jefferson City kama gavana wa Missouri Januari 2005 akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka uliofuata alitangaza mpango wa kuuza mali za MOHELA na kuzipeleka fedha katika majengo ya vyuo vya umma. Akaupa jina la Lewis na Clark, wale wasafiri walioondoka karibu na St. Louis mwaka 1804 kuufuata mto Missouri kuelekea magharibi. Sherehe za miaka 200 ya safari yao zilikuwa ndiyo kwanza zinamalizika, kwa hiyo jina lilikuwa bado midomoni mwa watu.

Kisiasa mpango ulikuwa mtamu. Karibu kila pembe ya jimbo ilipata chuo, kila chuo kikapata jengo, na kila mbunge akapata utepe wa kukata, bila kodi kuongezwa hata kidogo. Waliopinga, akiwemo Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Jay Nixon wa chama cha Democrats, walisema fedha zilizotokana na mikopo ya wanafunzi ziwarudie wanafunzi: riba ipunguzwe, nafuu kwa wanaolipa vizuri iongezwe, misaada ya ada ipanuliwe. Hoja hii ina uzito kuliko ilivyopewa. Upenyo ule ulitoka katika mifuko miwili, wa mkopaji na wa mlipa kodi wa Marekani nzima. Mkandarasi wa majengo ya Missouri hakuchangia chochote.

Kisha pakazuka jambo ambalo hakuna aliyelitegemea katika mjadala wa mikopo: viinitete. Novemba 2006 wapiga kura wa Missouri walipitisha, kwa tofauti ndogo, kifungu cha katiba kinacholinda utafiti wa seli shina, zikiwemo zinazotolewa katika viinitete. Wabunge waliopinga utoaji mimba wakahofia kwamba maabara zitakazojengwa kwa fedha za MOHELA zitatumika kwa utafiti huo. Ili sheria ipite, majengo ya utafiti wa sayansi ya uhai yakaondolewa katika orodha. Mpango uliouzwa kwa jina la ugunduzi ukapitishwa kwa kupunguziwa ugunduzi.

Mkataba ulioandikwa kama sheria

Sheria yenyewe, muswada namba 389 wa baraza la seneti la jimbo, ilisainiwa Mei 2007. Ilibeba mambo mengi. Iliunganisha misaada ya ada kuwa mpango mmoja ulioitwa Access Missouri, ambao kwa familia za kipato cha chini ulikuwa na maana kuliko jengo lolote. Iliwabana wakuu wa vyuo vya umma wasipandishe ada kuliko mfumuko wa bei. Hayo tuyaache.

Kuhusu bakaa, sheria iliiamuru MOHELA ipeleke dola milioni 350 katika mfuko wa Lewis na Clark. Milioni 230 za mwanzo zilipwe ifikapo Septemba 15, 2007. Zilizobaki zilipwe milioni 5 kila miezi mitatu hadi Septemba 30, 2013. Piga hesabu: milioni 120 kwa awamu 24. Kwenye karatasi inakwenda sawasawa kama saa.

Vipengele viwili vinastahili kuangaliwa kwa makini. Cha kwanza kiliiruhusu bodi ya MOHELA kuchelewesha malipo ikiona kwamba yataathiri vibaya huduma kwa wanafunzi wa Missouri, nafuu wanazopewa wakopaji, au uhai wa taasisi. Cha pili kilikuwa malipo ya jimbo kwa MOHELA: kwa 2007 na miaka 14 iliyofuata, taasisi ingetengewa angalau asilimia 30 ya kiwango cha hatifungani zisizotozwa kodi ambacho serikali kuu hulitengea kila jimbo. Kuanzia 2015, mgawo huo ungeweza kupunguzwa kwa kadiri ya asilimia ya milioni 350 ambayo haijalipwa.

Kwa hiyo usiisome sheria hii kama amri tu. Ni biashara. Jimbo linasema: nipe utajiri wako wa jana, nami nitakupa nafasi ya kukopa kwa bei rahisi kesho ili uukusanye upya. Mwenye kusaini upande wa MOHELA ni bodi ambayo wengi wao waliteuliwa na gavana yuleyule anayezitaka fedha. Sijui kama biashara ya namna hiyo tuiite ya hiari.

Kuna ukakasi mwingine. Sheria za Missouri zenyewe zinasema mali za MOHELA si sehemu ya mapato ya jimbo, na madeni yake si madeni ya jimbo. Bunge lisingeweza kuingia humo na kuchota kama linavyochota Hazina. Ndiyo maana likapita mlango wa nyuma: likaiamuru taasisi itoe, fedha zikaingia katika mfuko wa jimbo, kisha bunge likagawa kutoka huko. Sheria ikawa inasema mambo mawili kwa pumzi moja: fedha hizi si zetu, na zilete hapa.

Mwaka uliovunja hesabu

Milioni 230 zililipwa Septemba 2007. Majengo yakaanza kuchorwa, mengine kuchimbwa misingi. Mwezi huohuo, tarehe 27, Rais George W. Bush alisaini sheria iliyopunguza ruzuku kwa wakopeshaji wa wanafunzi. Upenyo ukabanwa upande mmoja.

Februari 2008 ukabanwa upande wa pili. Taasisi nyingi za mikopo ya wanafunzi zilikuwa zimekopa kwa hatifungani ambazo riba yake hupangwa upya kila baada ya siku au wiki chache kwa mnada. Wanunuzi walipoingiwa na hofu, minada ilikosa watu, na riba za adhabu zikapanda. Kuuza mikopo nako kukawa kugumu, kwa sababu wanunuzi wale wale walikuwa wanazama. MOHELA iliacha kulipa mwaka huo, kwa kutumia kipengele kilekile cha kuchelewesha. Ilikuwa imetoa kama dola milioni 245, sawa na asilimia 70 ya ahadi.

Januari 2009 Jay Nixon, yule aliyepinga, akaapishwa kuwa gavana. Miongoni mwa mambo aliyoyakuta mezani ni orodha ya majengo yaliyoahidiwa kwa fedha ambazo hazipo, na aliisimamisha miradi mingi. Hospitali ya saratani ya Ellis Fischel ya Chuo Kikuu cha Missouri, iliyokuwa imeahidiwa dola milioni 31 hivi, ilikwama. Majengo ya sayansi ya Benton na Stadler, katika chuo kikuu cha umma cha St. Louis, yakakwama pia. Fikiria wewe ni mkuu wa chuo: umeshalipa wachoraji, umewaita wafadhili, umebomoa la zamani.

Pigo la mwisho lilikuja Machi 2010. Serikali kuu ilifuta utaratibu wote wa benki kukopesha kwa dhamana yake. Kuanzia Julai 1 mwaka huo, kila mkopo mpya wa serikali kuu kwa mwanafunzi ulitoka Washington moja kwa moja. MOHELA haikuweza tena kununua mikopo mipya ya aina ile. Ikabaki na ile ya zamani inayopungua, na ikageuka mwajiriwa wa serikali kuu: inahudumia mikopo ya wengine kwa ujira kwa kila akaunti.

Tazama hapo kilichotokea kwa ule mkataba. Jimbo lilikuwa limelipa kwa haki ya kuuza hatifungani rahisi. Lakini hatifungani zilikuwa na faida kwa sababu zilinunua mikopo yenye dhamana ya serikali kuu, na mikopo hiyo sasa haizaliwi. Adhabu ya kupunguziwa mgawo kuanzia 2015 nayo ikawa kama kumtishia mvuvi kwamba utamnyang'anya nyavu baada ya ziwa kukauka. Upande mmoja haukuwa na sababu ya kulipa, upande wa pili haukuwa na kitu cha kumshikia. Muda wa mwisho ukawa unasogezwa mbele. Deni halikusamehewa wala halikudaiwa. Likabaki mstari katika taarifa za hesabu, dola milioni 105 na ushee.

Mara nyingi lawama huangukia kipengele cha kuchelewesha. Mimi nadhani hicho ndicho kilichoandikwa kwa akili kuliko vyote. Bila hicho, katikati ya 2008 MOHELA ingelazimika kuuza mikopo kwa bei ya kutupa ili kujenga madarasa, na wakopaji wa Missouri wangepoteza nafuu zao kwanza. Kosa liko kwenye namba yenyewe. Bunge lilitaja kiasi kamili, milioni 350, na tarehe kamili kwa miaka sita, juu ya faida ambayo ilitegemea vitu vitatu visivyokuwa mikononi mwa Missouri: ruzuku ya Washington, hamu ya soko la hatifungani, na uhai wa utaratibu wa mikopo wenyewe. Vyote vitatu vilianguka ndani ya miaka mitatu. Ilikuwa ni kumkatia kanzu mtoto aliye tumboni, na kuwaalika wageni wa akika juu yake. Sheria ingesema asilimia fulani ya faida iliyokwisha kupatikana na kukaguliwa, majengo yangekuwa machache na ya polepole, lakini kila lililoanzwa lingekuwa na fedha yake. Na ingesema pia deni linakufa lini. Hili la pili lilionekana dogo mno wakati ule.

Deni lililokufa laenda mahakamani

Agosti 24, 2022 Rais Biden alitangaza kusamehe hadi dola 10,000 kwa mkopaji, na hadi 20,000 kwa waliowahi kupata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wasio na uwezo, kwa wenye kipato cha chini ya dola 125,000 kwa mwaka. Watu milioni 43 hivi wangeguswa, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 430. Majimbo sita, Nebraska, Missouri, Arkansas, Iowa, Kansas na South Carolina, yalikwenda mahakamani mwezi uliofuata.

Tatizo lao lilikuwa la mlangoni. Mahakama za Marekani hazimsikilizi mtu asiyeumizwa na jambo analolalamikia, na msamaha wa mkopo wa Juma haumuumizi jirani yake. Nani basi ameumizwa? Wanasheria wa Missouri wakafungua kabati na kuitoa MOHELA. Walijenga hoja kwa ngazi. Mikopo ikisamehewa, MOHELA itapoteza ujira wa kuihudumia, dola milioni 44 kwa mwaka. Ikipoteza, haitaweza kulipa deni la Lewis na Clark. Isipolipa, jimbo limeumia. Na hata ukiacha deni, MOHELA ni jimbo lenyewe kwa jina lingine.

Hakimu Henry Autrey wa St. Louis hakushawishika, akaitupa kesi Oktoba 20. Mahakama ya rufaa ya kanda ya nane iliuzuia mpango Novemba 14, na deni lile likawa sehemu ya sababu zake. Hapo ndipo nilipoanza kukifuatilia kisa hiki kwa dhati. Deni ambalo halikuwa limelipwa tangu 2008 lilikuwa limekaa kwenye mizani kukabiliana na msamaha wa watu milioni 43!

Kwenye usikilizaji wa Februari 28, 2023, Jaji Amy Coney Barrett, ambaye mwishowe alipiga kura na wengi, aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi: kama MOHELA ni mkono wa jimbo, kwa nini jimbo halikuiamuru iende mahakamani yenyewe? MOHELA haikuwa imeomba kuletwa pale. Missouri ilikuwa imelazimika kuomba nyaraka za taasisi hiyo kwa sheria ya uwazi wa taarifa, kama anavyofanya mwandishi wa habari yeyote.

Hukumu ilitoka Juni 30, majaji sita kwa watatu, na mpango ukafutwa. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba MOHELA ni chombo cha Missouri: kimeundwa na jimbo kwa kazi ya umma, kinaongozwa na maofisa na wateule wake, kinatoa ripoti kwake, na linaweza kukivunja. Kilichoumizwa ni chombo, kwa hiyo jimbo limeumizwa. Jaji Elena Kagan, kwa niaba ya watatu, alipinga. Alikumbusha kwamba jimbo liliiweka taasisi hiyo mbali nalo kwa makusudi: inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, mali zake si mapato ya jimbo, madeni yake hayaligusi jimbo. Huwezi kumfukuza mtoto nyumbani akiwa na madeni, kisha ukamwita mwanao akipata hasara yenye manufaa kwako. Mfano huo ni wangu. Wake ulikuwa wa kisheria zaidi.

Ukiyaweka maandiko hayo mawili kando ya sheria ya 2007, utaona ni ugomvi uleule, ila watu wamebadilishana viti. Mwaka 2007 waliotaka majengo walihitaji MOHELA iwe ya jimbo vya kutosha ili iamriwe, na iwe mbali na jimbo vya kutosha ili ugumu wa bajeti usiwaguse. Walipata vyote viwili. Nasimama na Kagan katika hili, ingawa nakiri kwamba mwenye kuisoma sheria ya Lewis na Clark bila kujua lolote lingine atampa Roberts haki: taasisi inayoamriwa kutoa milioni 350, ikatoa, si taasisi inayosimama kwa miguu yake.

Njia ile haikufungwa baada ya hapo. Mwaka 2024 Missouri ilipita mlango uleule kuuzuia mpango wa marejesho nafuu uitwao SAVE, MOHELA ikiwa tena ndiyo jeraha linaloonyeshwa mahakamani.

Roberts, akieleza jinsi faida za MOHELA zinavyosaidia elimu ya Missouri, alizitaja dola milioni 230 zilizokwenda kwenye majengo ya vyuo kama ushahidi kwamba taasisi na jimbo ni kitu kimoja. Zile milioni 105 alizipita. Alisema hoja ya hasara ya MOHELA kuwa hasara ya jimbo inatosha, na hakuna haja ya kuzigusa nyingine.